Panya wa Sakafuni

Miaka ishirini na miwili nimefanya kazi kwenye chumba cha panya, na waulize wote pale, hakuna aliyewahi kunisikia nikisema neno "sijui". Sijisifu. Haya, najisifu kidogo. Ungenionyesha panya yeyote ningekwambia kizimba chake, mama yake, na kama jana alikula au alisusa. Wanafunzi wakaniita Mama Panya nyuma ya mgongo wangu, wakidhani masikio yangu ni pambo.

Chumba chenyewe si kikubwa. Rafu sita za chuma, vizimba vya plastiki vimepangwa kama droo, kila kimoja na chupa yake ya maji, vumbi la mbao chini, na kadi mbele: namba, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama. Kadi zote mwandiko wangu. Mlangoni unavua viatu, unavaa vya mpira, koti na kofia. Harufu mtu huizoea. Mume wangu hajaizoea hadi leo. Yeye ni fundi saa, na husema akinikumbatia anajiona amekumbatia ghala la mahindi.

Tulikuwa na koo mbili za panya, zote nyeupe, zote macho mekundu. Kwenye vitabu vya Profesa, mkuu wa maabara yetu, zina herufi na namba ambazo ulimi wangu hauziwezi, kwa hiyo mimi niliziita Wakali na Wapole. Sasa sikiliza tofauti yao, maana ndiyo kisa chote. Profesa ana unga wake mweupe, umetengenezwa palepale maabara. Hauna ugonjwa wowote, ila ukiingia mwilini, mwili unadhani umevamiwa. Mdunge Mkali unga huo, damu yake inaamka na kutengeneza kinga hadi inafurika. Mdunge Mpole, unga uleule, kipimo kilekile, damu yake kimya. Si kwamba ni dhaifu; vijidudu vingine anavipiga vizuri tu. Ila kwa kitu hicho kimoja, hata umdunge mara kumi, ni kama kupiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Mtoto wake hivyohivyo, na mjukuu wake hivyohivyo. Wamezaliwa nayo. Na ili ukoo ubaki safi, tunaozesha kaka kwa dada, kizazi baada ya kizazi. Mungu anisamehe, maana mshenga ni mimi.

Miaka mitatu iliyopita akaja mwanafunzi mmoja kutafuta udaktari wake wa sayansi. Mrefu, mwembamba, na kutwa kudunga panya, nikamwita Sindano. Akacheka, jina likamganda. Wengine huingia chumba changu wakishika pua; huyu aliingia na kunisalimia mimi kwanza, kisha panya. Nikampenda hapohapo.

Siku moja tukibadilisha vumbi la mbao nikamuuliza, mwanangu, ya nini kujitesa hivi kwa damu ya panya? Akaniambia habari za mdogo wake wa kike. Alichanjwa kama watoto wote, na ugonjwa ukamkuta vilevile. Leo anatembea kwa gongo. Mtaa mzima ulimsema mama yao: hakumpeleka mtoto kliniki, anadanganya. Mama yule ana kadi ya chanjo mpaka leo, kwenye pochi, anamwonyesha kila mtu hata ambaye hajauliza.

"Mama hakudanganya," Sindano akasema. "Na nesi hakukosea. Kuna damu nyingine haisikii hodi, basi. Nikiweza kuonyesha kwa panya kwamba ni kitu cha kurithi, na kinarithiwa vipi, ipo siku mtu atajua mapema ni mtoto gani atafutiwe chanjo ya namna nyingine."

Nikainamia kizimba nijifanye natafuta kitu. Mimi machozi yangu yako karibu, ingawa mdomo wangu ni mkali.

Sasa kuna sheria moja kwenye kazi yetu, imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: panya akikutwa sakafuni, harudishwi kizimbani. Analazwa. Kulaza ndiyo lugha yetu. Maana yake anatiwa kwenye sanduku la gesi, anasinzia, haamki. Ni sheria ngumu lakini ina akili yake. Panya wakubwa tumewatoboa masikio kwa alama, unaweza kumjua ni nani. Lakini mdogo ambaye hajatobolewa, akishakanyaga sakafu, nani atakuapia ametoka wapi? Mimi mwenyewe niliwafundisha watu sheria hiyo. Nilikuwa mkali kama pilipili.

Basi Jumatatu moja, mwanzo wa mwaka jana, nikafungua mlango nikamkuta chini ya rafu ya tatu. Jike, mdogo, wiki nne hivi, hajatobolewa. Nikaweka kiganja chini, akapanda mwenyewe. Akakaa, akaanza kunawa uso.

Nilichopaswa kufanya kinajulikana. Lakini nilimtazama, nikasema: huyu Mpole. Mkali wa umri huu angeshanitoboa kidole. Na jamani, hapo ndipo pa kunipiga bakora, maana upole ule niliouita mimi ulikuwa wa damu, haukuwa wa tabia! Lakini ukiwapa watoto jina kwa miaka ishirini, unaanza kuwaona hivyo. Nikaenda kwenye kizimba cha tisa, cha Wapole majike walioachishwa kunyonya wiki ile. Kadi imeandikwa sita. Nikahesabu: watano. Si unaona! Nikamtia ndani, wenzake wakamnusa, wakalala naye. Nikamtoboa sikio, nikamwandikia kadi. Mama: 31. Kwa moyo wangu nikamwita Mtoro.

Mtoro akakua. Akawa na mwili mzuri, hana wasiwasi, kwa hiyo alipofika umri nikamwoza kwa dume la Wapole. Akazaa tisa. Hakula hata mmoja, na panya mzazi wa kwanza mara nyingi hula. Nikawa kama nyanya aliyepata wajukuu.

Watoto hao walikuwa hawajafumbua macho siku mwenzangu wa Jumapili, mtu mzima mwenye wajukuu wake, anayenishikia zamu mara moja kwa wiki, alipokuja kuchukua mshahara wake. Katika kupiga soga akasema, "Ah, nilisahau kukwambia, mwanzo wa mwaka kuna kamoja kalikufa kizimba cha tisa. Nilikatupa, sikuandika kwenye kadi."

Kwa hiyo kizimba cha tisa hakikupoteza mtoro. Kilipoteza maiti. Na huyu wangu ametoka wapi?

Ningesema siku hiyo, yangeisha siku hiyo: panya mmoja, watoto tisa, aibu ya nusu saa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nimewachapia watu wangapi? Lakini nikajiambia, labda ni Mpole vilevile, labda katoka kizimba cha jirani. Labda. Nikajitia hamnazo. Na Sindano alipotaka panya wengi kwa kundi lake la mwisho, mabinti wa Mtoro wakaozwa kwa madume ya Wapole wengine, na wajukuu wakajaa rafu mbili.

Mwaka huu, kundi hilo la mwisho lilikuwa Wapole arobaini. Lilikuwa la kukamilisha tu. Miaka mitatu hakuna Mpole hata mmoja aliyewahi kuitikia, na kitabu chake cha udaktari kilikuwa kimebaki sura ya mwisho. Akawadunga, akasubiri siku zake, akachukua damu, akapima.

Kumi na moja wakaitikia.

Akapima upya. Kumi na moja walewale. Akabadilisha maji, akabadilisha chupa, akaazima mashine ya jirani. Kumi na moja. Siku ya tatu akaja chumbani kwangu, ndevu hazijanyolewa, koti limefungwa vifungo upande.

"Mama," akasema, "nikuulize kitu, na usinikasirikie. Kumi na moja wameitikia. Wale arobaini ni Wapole kweli?"

Nilikuwa na chupa ya maji mkononi. Nilijua. Alipotaja tu kumi na moja, nilijua, kama mtu anavyojua ameacha jiko linawaka.

"Unaniuliza mimi?" nikamjia juu. "Miaka ishirini na miwili, leo unaniuliza mimi kama nachanganya mchele na mawe? Ni walewale."

"Samahani, mama," akasema. "Nisamehe. Basi kosa ni langu, niangalie tena mkono wangu."

Akaniomba radhi! Mimi! Akatoka na mlango akaufunga polepole, na mimi nikabaki pale, chupa inavuja kwenye viatu vyangu vya mpira.

Profesa wetu si mtu mbaya. Ni mtu wa kunyooka, na mtu wa kunyooka akishaona mpindo mmoja, basi. Alisema Wapole hawawezi kuitikia, ni kama maji kupanda mlima. Kwa hiyo ama huyu kijana amechanganya makundi na hasemi, ama zile namba nzuri za miaka mitatu alikuwa anazitunga mezani. Nilimsikia kwa masikio yangu, mlango uko wazi: "Panya hawadanganyi. Wanaodanganya ni watu." Kikao kikapangwa Ijumaa. Akionekana alitunga, anafukuzwa, na jina lake linatumwa kila chuo. Hapati tena pa kufanya kazi hiyo.

Jumanne jioni, tunakula, mume wangu akaniona nachezea kijiko. "Una nini?"

Nikamwambia yote. Huyu mzee wangu si msemaji. Alitafuna, akameza, akanywa maji.

"Mimi nikikuta skrubu sakafuni," akasema, "naitia kwenye kopo. Hata iwe inafanana vipi na ya saa iliyo mezani, siirudishi. Saa ya mtu ile."

"Nani kakuuliza habari za skrubu?"

"Si nimekuuliza una nini? Ndilo jibu langu." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mke wangu, unaogopa watakufukuza?"

"Siogopi kufukuzwa." Nikasema ukweli, maana kwake sina pa kujificha. "Naogopa kuonekana sikujua."

Alichukua sahani yangu akaiosha, na si kawaida yake.

Jumatano mchana nilikuwa napanda ngazi na gunia la vumbi la mbao. Sindano amekaa kwenye ngazi ya juu, kanipa mgongo, simu sikioni. "Hapana, mama, usije," anasema. "Mama, nisikilize. Usiwaambie majirani bado. Wakikuuliza, sema bado naandika." Akasikiliza. Kisha, "Najua unaniamini, mama. Lakini wewe hata kwa mtoto wako yule walikuona mwongo."

Gunia likanishinda. Nikaliacha palepale kwenye ngazi, limeanguka, limemwagika, nikapita pembeni yake bila kumwangalia, moja kwa moja hadi mlango wa Profesa. Nikapiga hodi na kuingia kwa mkupuo mmoja. Nikaona nikisimama kidogo tu, nitarudi.

"Profesa, mwite yule kijana. Nina maneno, na sitaki kuyasema mara mbili."

Aliitwa. Akaja, vumbi la mbao limeshika suruali yake. Kumbe alikuwa anazoa gunia langu. Nikasimama katikati ya chumba kama mwanafunzi aliyekamatwa, nikayasema. Sakafu. Kizimba cha tisa. Kadi. Mwenzangu wa Jumapili.

Profesa akavua miwani. "Uliambiwa lini kwamba yule wa tisa alikufa?"

"Mwaka jana, mwezi wa nne."

"Na huyu alipokuja kukuuliza?"

"Nilimdanganya. Nilimwambia ni walewale."

Nilimtazama Sindano. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia mikono yake, anaigeuza, kama mtu anayerudishiwa kitu alichokuwa ameazimwa.

Profesa hakufoka. Afadhali angefoka. Alivuta karatasi, akasema kwa sauti kavu, "Nitajie vizimba vyote vyenye damu ya panya huyo. Kama unavikumbuka."

Kama navikumbuka! Nikafumba macho nikavitaja, rafu kwa rafu, nani kaolewa na nani, nani kazaa lini. Sindano akawa anaweka alama kwenye orodha yake ya arobaini. Kalamu ilikuwa inakwenda polepole, kisha haraka, kisha ikasimama.

"Ishirini na watatu wametoka kwa Mtoro," akasema. Alitaja jina lile bila kujua, kwa sababu mimi nilikuwa nalitaja. "Kumi na saba hawakutoka kwake. Katika hao kumi na saba, hakuna aliyeitikia hata mmoja."

"Na katika ishirini na watatu?" Profesa akauliza, ingawa hesabu hiyo hata mimi nilishaipata.

"Wote kumi na moja wamo humo. Kumi na moja ndiyo, kumi na mbili hapana."

Profesa akasimama. Akaenda dirishani, akarudi, akaketi tena. Mtu yule nimemwona akipokea tuzo bila kutikisika, lakini siku ile alishika ukingo wa meza. "Nusu," akasema. "Nusu kwa nusu." Kisha akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi, akanieleza kama ananifundisha: kama Mtoro alikuwa Mkali, basi mabinti wake walikuwa na fungu moja la kuitikia kutoka kwa mama na fungu moja la kunyamaza kutoka kwa baba. Kila mjukuu anapewa na mama yake fungu moja tu kati ya hayo mawili. Ni kurusha sarafu. Kama kuitikia kunatawaliwa na fungu moja la urithi, wajukuu watagawanyika nusu kwa nusu. Na wamegawanyika.

"Miaka mitatu tumekuwa tukionyesha kwamba ni kitu cha kurithi," akasema. "Hatukuwahi kuonyesha kinarithiwa vipi."

"Kwa hiyo sikukosea," Sindano akasema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Sijasema hivyo. Maneno ya mdomo hayatoshi kikao. Ngozi iseme."

Nikajua anachotaka. Panya wa ukoo mmoja safi ni kama mwili mmoja. Ukimkata huyu kipande cha ngozi ukakipandikiza mgongoni kwa mwenzake, kinashika na kuota manyoya. Kikitoka kwa mgeni, mwili unakitambua, unakikausha, unakitupa. Kikao kikaahirishwa. Wakachaguliwa Wapole sita wa rafu ya juu kabisa, ambako damu ya Mtoro haikuwahi kufika. Watatu wakapandikizwa ngozi ya Mpole mwenzao. Watatu wakapandikizwa ngozi ya Mtoro, vipande vidogo kutoka mkiani, naye amepewa dawa ya usingizi. Nilimshikilia mimi. Sindano ndiye aliyekata, na siku hiyo alisema nami maneno matatu: mkasi, pamba, bandeji.

Tukasubiri. Nitasema kweli, na anayetaka kunicheka anicheke. Kuna asubuhi niliomba kiraka cha Mtoro kishike. Kikishika, ina maana yeye ni Mpole, na mimi sikukosea, mkono wangu ulimjua. Lakini kikishika, Sindano ndiye mwongo. Nikaona ninachoomba, nikajishika mdomo, ingawa sikuwa nimesema kitu.

Siku ya nane tukafungua bandeji: vyote sita vyekundu, vyote vizima. Sindano akageuka rangi. Siku ya kumi, vile vitatu vya Mtoro vikaanza kukunjamana pembeni. Siku ya kumi na mbili vilikuwa vyeusi, vikavu kama ganda la kitunguu, kimoja kikabanduka nilipompuliza panya. Vile vingine vitatu, ukiangalia kwa karibu, vilikuwa vimeanza kuota manyoya meupe.

Sindano akaketi kwenye kiti changu, akafunika uso. Nikasimama pembeni, mikono haina kazi.

"Nilijiona kichaa, mama," akasema akiwa amefunika uso vilevile. "Siku zile zote nilijiona kichaa. Nilikuwa nahesabu vidole vyangu."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe. Sio leo."

"Sio leo," nikakubali. Hilo nilikuwa nimelistahili, na nilimheshimu zaidi kwa kutolipunguza makali.

Kikao kilimsafisha. Sura ya mwisho ya kitabu ikaandikwa upya, na Profesa aliagiza uzao mpya kabisa, Wakali kwa Wapole, mchana kweupe, kila kadi na saini mbili, kuhakikisha ile nusu kwa nusu. Mimi nikapewa barua ya onyo na kuhamishwa chumba cha kuoshea vizimba. Kule kuna mvuke, sabuni na kelele, hakuna panya hata mmoja. Sikubisha. Na ukoo wa Mtoro ukaamriwa kulazwa wote: mia moja na thelathini na sita. Niliomba nifanye mimi kabla sijahama, nikaruhusiwa. Siku mbili. Kwa huruma yangu ya panya mmoja, mia moja na thelathini na sita walipita kwenye mikono hii, na hakuna aliyening'ata. Sitaki kuisimulia zaidi ya hapo.

Mtoro nikamwacha wa mwisho. Alikuwa ameshazeeka, mgongo umepinda, mkia una makovu. Nilikuwa nimekaa naye kiganjani pale karibu na sanduku Sindano alipoingia. Alikuwa amenyoa. Alisimama kidogo, akaangalia nyuma yake, akafunga mlango.

"Mama," akasema chinichini. "Huyu amemaliza kazi. Hakuna anayemhitaji tena. Mimi nitaandika kwamba amelazwa, nitaweka saini. Wewe mtie mfukoni, nenda naye nyumbani, mzee atamtengenezea kizimba. Nani atajua?"

Ndiyo hiyo siku aliyonisamehe. Niliielewa. Mtoro akapanda hadi kwenye kifundo cha mkono wangu, akaketi juu ya saa aliyonitengenezea mume wangu, akaanza kunawa uso, vilevile kama siku ile chini ya rafu ya tatu. Mfuko wa koti langu ulikuwa wazi. Haki ya Mungu, mkono wangu ulishaanza kwenda.

"Uandike uongo?" nikamuuliza. "Wewe? Kwa ajili yangu?"

Alikuwa ameshatoa kalamu.

"Mwanangu, asante. Sitasahau mpaka nakufa. Lakini kadi ya mama yako ilikuwa ya kweli, na hakuna aliyeiamini. Yangu ilikuwa ya uongo, na wote waliiamini. Tusiongeze nyingine."

"Basi nipe, nifanye mimi. Wewe toka nje kidogo."

"Hapana. Niliyemwokota ni mimi."

Akabaki. Hakutoka, hakusogea, akanishika bega tu. Mtoro aliingia kwenye sanduku kwa miguu yake, akanusa kona, akajikunja. Nilihesabu hadi alipotulia, nikahesabu tena kwa uhakika, kama sheria inavyotaka. Nililia, na sikuinamia kizimba chochote kujificha.

Kisha nikachukua kadi yake. Tarehe ya kulazwa nikaandika. Sababu nikaandika. Sindano akaweka saini yake, nami yangu. Nikataka kuirudisha kwenye sanduku la kadi, nikaona pale juu, kwa mwandiko wangu mzuri ambao nilikuwa nauringia, pameandikwa: Mama: 31.

Nikachukua rula, nikapiga mstari. Pembeni yake nikaandika, polepole, herufi kubwa, isomeke hata na mtu asiye na miwani:

Sijui.